Lugha ya Amri na Lugha ya Majibizano: Historia ya Kujifunza Kiswahili katika Bonde la Ufa la Kati

1.0 Utangulizi

Swali la faida za kujifunza lugha ya pili limewashughulisha wanaisimu, wanasaikolojia na walimu kwa muda mrefu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini, watafiti wengi wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba mtoto anayelelewa katika lugha mbili hudumaa kiakili. Imani hiyo ilitikiswa mwaka 1962, Elizabeth Peal na Wallace Lambert walipochapisha utafiti wao kuhusu watoto wa Montreal, nchini Kanada. Utafiti huo ulionyesha kwamba watoto wa lugha mbili walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya akili kuliko wenzao wa lugha moja. Kabla yao Lev Vygotsky alikuwa amekwisha kueleza, katika kitabu chake cha mwaka 1934, kwamba lugha ya kigeni humwezesha mtoto kuiona lugha yake mwenyewe kuwa mfumo mmoja miongoni mwa mifumo mingi. Mjadala huo haujafungwa hadi leo, na matokeo ya Peal na Lambert yamepingwa na kutetewa mara nyingi.

Hata hivyo, mijadala ya namna hii aghalabu humchukulia mjifunzaji kana kwamba yu peke yake mbele ya kitabu cha sarufi. Haiulizi anajifunza lugha ya nani, anajifunza ili afanye nini, wala kama yule anayesemeshwa ana ruhusa ya kujibu. Maswali hayo matatu ndiyo msingi wa makala haya. Yanaulizwa kwa kuirejelea historia ya Kiswahili katika Nakuru na Bonde la Ufa la kati, kwa sababu moja iliyo wazi: katika eneo hilo karibu kila aliyezungumza Kiswahili alikuwa amejifunza. Majina ya mahali peke yake yanatosha kuonyesha hivyo. Nakuru, Naivasha, Njoro, Subukia na Menengai ni majina yenye asili ya Kimaasai. Kaptembwo limebeba kiambishi cha Kikalenjin. Bondeni na Kivumbini ni ya Kiswahili. Kiswahili kiliingia katika ramani hiyo kikiwa mgeni, na kilienezwa hasa na watu ambao hawakukinyonya kwa mama zao.

Upo msemo maarufu usemao kwamba Kiswahili kilizaliwa pwani, kikakulia Tanzania, kikaugua Kenya na kufia Uganda. Wahakiki wamezoea kuutaja msemo huo kwa kicheko kisha wakapita. Makala haya yanauchukulia kwa uzito zaidi. Ikiwa lugha iliugua, basi ugonjwa wake una historia, na historia hiyo inaweza kufuatiliwa katika maneno yenyewe. Maneno machache yatachunguzwa hapa: hongo, posho, mnyapara, kipande, kifagio na madoadoa. Hoja itakayotetewa ni kwamba mtu yeyote anaweza kufaidika kwa kujifunza lugha ya pili, lakini faida hiyo hupimwa kwa kiasi ambacho mjifunzaji yu tayari kujibiwa katika lugha hiyo.

2.0 Enzi ya Misafara

Kabla ya reli, Bonde la Ufa la kati lilikuwa njia ya misafara iliyotoka Pangani na Mombasa kutafuta pembe za ndovu. Misafara hiyo ilipita Naivasha na kuelekea Baringo, mahali palipokuwa pa kununulia chakula na kupumzika. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huko mwaka 1883, hakuwa mgunduzi wa njia hiyo. Alifuata nyayo za wafanyabiashara kama Jumbe Kimameta wa Pangani, ambaye baadaye aliiongoza pia safari ya Count Teleki ya mwaka 1887 hadi 1888. Watu wa aina ya Kimameta walikuwa wamefanya biashara katika nchi ya Wamaasai kwa miaka mingi.

Jambo linalostahili kusisitizwa ni mwelekeo wa ujifunzaji katika kipindi hicho. Mswahili ndiye aliyelazimika kujifunza Kimaasai. Wamaasai walikuwa na nguvu ya kuzuia njia, na msafara haukuweza kupita bila kuzungumza nao. Kwa hiyo mkalimani alikuwa mtu wa thamani kubwa. Akikosea neno, watu waliweza kuuawa. Hapa lugha ya pili ilikuwa lugha ya mwenye nchi, na mgeni aliisema kwa adabu kwa kuwa hakuwa na hiari.

Maneno ya misafara yamehifadhi hali hiyo. Hongo, kwa maana yake ya wakati huo, ilikuwa ada iliyotolewa kwa wenye nchi ili msafara uruhusiwe kupita. Ilijadiliwa hadharani, ikapunguzwa na kuongezwa, na malipo yake yalitambua kwamba ardhi ina wenyewe. Katika Kiswahili cha leo neno hilo lina maana ya rushwa tu. Mabadiliko hayo ya maana yana funzo: pale ambapo mwenye nchi amenyang'anywa haki ya kudai ada, dai lake hugeuka kuwa kosa.

Mnyapara, au nyapara, ni neno jingine. Asili yake ni Kinyamwezi, na katika misafara lilimtaja kiongozi wa kikundi cha wapagazi. Wanyamwezi waliojiunga na misafara walijifunza Kiswahili, na Kiswahili nacho kikajifunza kutoka kwao. Posho, kwa upande wake, ilikuwa sehemu ya chakula, nguo au fedha ambayo mpagazi alipewa kwa ajili ya kujikimu njiani. Maneno haya mawili yalikuwa na maana ya mapatano: mnyapara aliwasemea wenzake mbele ya mwenye msafara, na posho ilikuwa haki ambayo wapagazi waliweza kuigomea safari kwa ajili yake. Yatakutana nasi tena katika mashamba ya walowezi yakiwa na sura nyingine.

3.0 Reli, Mashamba na Kisetla

Reli kutoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwaka 1901 ikafika ziwani mahali panapoitwa Kisumu. Zaidi ya vibarua 30,000 kutoka Bara Hindi waliletwa kuijenga. Wengi walirudi kwao, na baadhi ya waliobaki, pamoja na wafanyabiashara waliowafuata, walifungua maduka katika vituo vya reli. Muuza duka alijifunza Kiswahili kwa kuwa mteja aliyeudhika aliweza kwenda duka la jirani. Mapatano ya bei ni mazungumzo. Kila upande una haki ya kukataa. Si ajabu kwamba Kiswahili kina maneno mengi ya biashara na kazi yenye asili ya Kihindi, kama vile bepari, laki, hundi, gunia na gari, ingawa sehemu kubwa ya maneno hayo iliingia kwanza kupitia pwani.

Walowezi wa Kizungu walikuwa na hali nyingine. Mkataba wa mwaka 1904 uliwaondoa Wamaasai katika sehemu za Naivasha na Nakuru, na ule wa mwaka 1911 ukawaondoa Laikipia. Ardhi iliyobaki iligawiwa walowezi, Lord Delamere wa Njoro na Soysambu akiwa maarufu zaidi miongoni mwao. Wafanyakazi wa mashamba hayo walitoka pande mbalimbali: Wakikuyu kutoka Kiambu, Murang'a na Nyeri, Wakipsigis, Watugen na Wanandi wa jirani, baadaye Waluo, Waluhya na Wakisii. Mlowezi alihitaji lugha moja ya kuwaendesha wote. Ndipo kilipozaliwa kile kilichoitwa Kisetla.

Wilfred Whiteley, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu kukua kwa Kiswahili kuwa lugha ya taifa, aliitambua lahaja hiyo ya walowezi kuwa tukio la pekee katika historia ya lugha. Sifa zake zinajulikana. Upatanisho wa kisarufi uliachwa. Vitenzi vilibaki katika umbo la amri au umbo lisilonyambuliwa. Ukanushi wote ulibebwa na neno moja, hapana, hata ikawezekana kusema "wewe hapana leta maji" mahali pa "hukuleta maji". Nafsi zilidokezwa kwa viwakilishi pekee. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili cha bara ambacho jina lake liliwataja walengwa wake waziwazi: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Wafanyakazi ambao lugha hiyo ingesemwa kwao walitajwa kama watu wa kushughulikiwa bila mkalimani.

Ni rahisi kukidharau Kisetla kwa makosa yake ya kisarufi. Lakini makosa si hoja kubwa. Kila mjifunzaji hupitia hatua ya makosa, na mtoto wa Kikuyu au wa Kipsigis aliyekuwa akijifunza Kiswahili katika shamba hilohilo naye alikosea. Tofauti ni kwamba makosa ya mlowezi hayakusahihishwa. Hakuna mpishi aliyeweza kumwambia bwana wake kwamba amesema vibaya. Matokeo yake ni kwamba mtu aliweza kuishi Njoro au Molo miaka thelathini, akisema Kiswahili kila siku, na bado Kiswahili chake kisikue. Wanaisimu wana dhana ya ugandamaji, yaani hali ya lugha ya mjifunzaji kusimama mahali pamoja isiendelee. Katika historia ya Bonde la Ufa ugandamaji huo ulikuwa na sababu za kijamii kabla ya kuwa na sababu za kiakili.

Hasara ilikuwa ya mlowezi mwenyewe pia. Lugha ya amri humpa msemaji kile alichokiomba tu. Akisema "lete maji", ataletewa maji. Hatajua aliyeyaleta anafikiri nini, wala jioni yake inasimuliwa hadithi gani kambini. Walowezi wengi walishangazwa na harakati za maskwota katika miaka ya 1940, ingawa walikuwa wameishi na watu hao kwa muda wa kizazi kizima. Mshangao huo ni ushahidi wa kiwango cha lugha yao ya pili.

Katika mashamba hayo, mnyapara wa msafara akageuka kuwa msimamizi anayemsemea bwana mbele ya wafanyakazi, si wafanyakazi mbele ya bwana. Posho ikawa kipimo cha unga wa mahindi kilichopangwa na mwajiri. Maneno yalibaki yaleyale. Mwelekeo wa mazungumzo ndio uliogeuzwa.

4.0 Kipande na Kifagio

Ingekuwa makosa, hata hivyo, kudhani kwamba Kiswahili katika mashamba kilikuwa mali ya walowezi. Wafanyakazi walikuwa wakijifunza lugha hiyohiyo kwa wakati uleule, na walijifunza zaidi ya ilivyotarajiwa.

Neno kipande linafaa kuanzia. Kwa maana ya msingi ni sehemu ndogo ya kitu. Sheria ya kuwasajili Waafrika ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimu kila mwanamume wa Kiafrika kubeba hati yenye alama za vidole na maelezo ya kazi na mshahara, ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Hati hiyo ikaitwa kipande. Harry Thuku na wenzake waliipinga mwanzoni mwa miaka ya 1920, na hatimaye iliondolewa mwaka 1947. Neno lenyewe halikuondoka. Hadi leo Wakenya wengi hukiita kitambulisho chao kipande, na katika neno hilo wazee husikia uzito wa chuma shingoni ambao vijana hawausikii tena.

Mfano mzito zaidi ni kifagio. Tabitha Kanogo, katika utafiti wake kuhusu maskwota wa Bonde la Ufa uliochapishwa mwaka 1987, ameonyesha jinsi maskwota wa Kikuyu walivyohamia mashamba ya walowezi wakiwa na mifugo yao, wakitumaini kupata malisho mapana. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wafanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Katika miaka ya 1920 walowezi walianza kuipunguza mifugo ya maskwota kwa nguvu, hata familia zilizokuwa na makundi makubwa ya mbuzi na ng'ombe zikabaki mikono mitupu. Maskwota waliiita operesheni hiyo kifagio.

Jina hilo linastahili kusomwa kwa makini ambayo mhakiki huupa ushairi. Kwanza, ni sitiari kamili: mali ya mtu, ambayo kwake ni mahari, heshima na akiba, imetendewa kama takataka inayofagiliwa nje ya nyumba. Pili, msemaji amejiweka mahali pa kinachofagiliwa, na kwa kufanya hivyo ameifichua picha iliyo kichwani mwa anayefagia. Tatu, na hili ndilo muhimu kwa hoja yetu, watu ambao lugha yao ya kwanza ilikuwa Gikuyu, lugha isiyopungukiwa na majina ya ufagio, walilitaja pigo lao kwa Kiswahili. Yamkini walifanya hivyo kwa kuwa amri ilitolewa kwa Kiswahili. Yamkini pia ni kwa sababu jirani wa Kipsigis au Kiluhya, katika shamba hilohilo, aliweza kulielewa jina hilo bila kutafsiriwa.

Hapa tunaona faida ya lugha ya pili ikiwa katika hali yake ya msingi. Skwota alifundishwa Kiswahili ili apokee amri. Alijifunza hadi akaweza kuipa amri hiyo jina ambalo mtoa amri hakulikusudia. Mlowezi alikuwa na neno la Kiingereza la kupunguza mifugo, neno la kiserikali lisilo na harufu wala rangi. Historia imelihifadhi neno la skwota. Kwa kigezo chochote cha fasihi, kati ya hao wawili, aliyekimiliki Kiswahili ni yule ambaye hakuwa na ardhi.

5.0 Mtoto wa Njoro

Pana ushahidi mmoja kutoka upande wa walowezi ambao unaipima hoja hii kwa namna tofauti. Beryl Markham alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akapelekwa Njoro angali mtoto mdogo. Mama yake alirudi Uingereza. Yeye alibaki na baba yake, Charles Clutterbuck, aliyekuwa na shamba, kinu na farasi. Alikua akicheza na kuwinda pamoja na watoto wa Kikalenjin, ambao kitabu chake kinawaita Wanandi, akazungumza nao Kiswahili na lugha yao. Mwaka 1936 alikuwa mwanamke wa kwanza kuruka peke yake kwa ndege kutoka Uingereza kuvuka Atlantiki kuelekea magharibi, na mwaka 1942 alichapisha kumbukumbu zake, West with the Night, kitabu ambacho baadhi ya wahakiki wametilia shaka kama alikiandika bila msaada wa mumewe, Raoul Schumacher.

Utotoni Markham hakuwa na cheo cha kuamuru. Katika uwindaji, watu wazima na wenzake walijua zaidi yake, na alilazimika kusikiliza. Lugha aliyojifunza katika hali hiyo ilimpa majina ya wanyama, adabu za wawindaji na namna ya kuitazama nchi, mambo ambayo baba zake na jirani zao, waliokuja wakiwa watu wazima, hawakuyapata kutoka katika vitabu vya sarufi. Kwa hiyo hakuna sababu ya kudai kwamba asili ya mtu ndiyo iliyomzuia mlowezi kujifunza. Kilichomzuia ni nafasi yake.

Lakini kitabu hichohicho kinaonyesha pia mpaka wa faida hiyo. Rafiki yake wa utotoni, Kibii, anarudi baadaye akiwa mtu mzima mwenye jina la arap Ruta, naye anakuwa mtumishi wake. Masimulizi yanaitambua huzuni ya badiliko hilo bila kuipatia dawa. Aidha, kumbukumbu zimeandikwa kwa Kiingereza na za upande mmoja. Ruta hakuacha kitabu. Msomaji wa leo anabaki akijiuliza Kibii alimwonaje msichana yule, na kwa lugha gani angelisimulia. Mazungumzo ya utotoni yalikuwa ya pande mbili; maandishi yaliyotokana nayo hayakuwa.

6.0 Shule, Mji na Maandishi

Sera ya elimu ya kikoloni haikusaidia mazungumzo hayo kukua. Tume ya Phelps-Stokes ya mwaka 1924 ilipendekeza Kiswahili kisifundishwe katika sehemu za bara ambako hakikuwa lugha ya wenyeji. Wakati huohuo mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Hivyo mfanyakazi wa Nakuru alikutana na Kiswahili cha aina mbili: kile sanifu, kilichokuwa vitabuni na mbali, na kile cha amri, kilichokuwa karibu na chakavu. Aina ya tatu aliijenga mwenyewe, katika mitaa ya mji, karakana za reli, misikiti na makanisa, masoko na viwanja vya mpira.

Baada ya uhuru hali ilibadilika polepole. Kiswahili kiliruhusiwa bungeni mwaka 1974. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya kuwa somo la lazima na la kutahiniwa, na Katiba ya mwaka 2010 ikakitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Huko Njoro, shule ya kilimo iliyoanzishwa na Lord Egerton mwaka 1939 kwa ajili ya vijana wa Kizungu ilikuwa chuo kikuu kamili mwaka 1987, na Kiswahili kikafundishwa na kutafitiwa katika ardhi ambako hapo awali kilitumika kuitia kahawa.

Mafanikio makubwa zaidi yanaonekana katika maandishi. Wengi waliokipanua Kiswahili katika karne ya ishirini walikijia kutoka lugha nyingine. Mathias Mnyampala, aliyeanzisha ngonjera, alikuwa Mgogo. Euphrase Kezilahabi, ambaye riwaya na mashairi yake huru yaliwagawa wahakiki tangu miaka ya 1970, alitoka Ukerewe. Katika Bonde la Ufa lenyewe, Ken Walibora, aliyefariki mwaka 2020, alikulia sehemu za Trans Nzoia katika jamii ya Waluhya. Riwaya yake Siku Njema (1996) inamsafirisha kijana kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba yake. Safari hiyo inafuata mkondo uleule wa misafara, kutoka pwani kwenda bara, lakini msafiri hatafuti pembe, anatafuta ukoo. Katika Kufa Kuzikana (2003) Walibora aliuweka urafiki wa vijana wa makabila yanayohasimiana katikati ya machafuko. Riwaya hiyo ilitoka miaka minne kabla ya uchaguzi wa 2007.

Waandishi hawa wanathibitisha jambo ambalo hotuba za kusifu lugha mara nyingi hulisahau: mjifunzaji hufaidika, na lugha nayo hufaidika kwa mjifunzaji. Anayekuja kutoka nje husikia kile ambacho mzawa amekizoea hata hakisikii tena.

7.0 Mipaka ya Hoja

Itakuwa udhaifu wa uhakiki kumalizia hapo. Historia ya Nakuru ya miaka ya karibuni haituruhusu kudai kwamba lugha ya pamoja huleta amani yenyewe. Katika mapigano ya Molo na maeneo jirani mwaka 1992, katika yale ya Njoro na Laikipia mwanzoni mwa mwaka 1998, na katika mauaji ya Nakuru na Naivasha ya Januari 2008, wauaji na waliouawa waliweza kusemezana. Wengi walikuwa wamekaa darasa moja na kufanya mtihani mmoja wa Kiswahili.

Kiswahili chenyewe kilitumika. Neno madoadoa, lenye maana ya alama ndogondogo zinazochafua nguo, lilitumiwa kuwataja raia walioonekana kuwa wageni katika eneo fulani. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililitaja miongoni mwa maneno ya uchochezi, pamoja na kwekwe. Kisarufi, neno hili lina utisho wa pekee. Mtu ana ngeli yake katika Kiswahili, ngeli ya A-WA, na lugha hii huwavuta ndani yake hata wanyama. Anayesema "madoadoa yaondolewe" amewatoa watu katika ngeli ya viumbe hai na kuwaweka katika ngeli ya madoa ya uchafu. Sitiari hii ni ndugu wa kifagio, lakini imegeuzwa. Skwota alisema kifagio ili kuulaani ufagiaji. Anayesema madoadoa ameushika ufagio.

Mpaka wa pili unahusu wale wanaojifunza lugha za wote huku pasiwe na anayejifunza yao. Waogiek wa msitu wa Mau wamezungumza kwa muda mrefu Kipsigis, Kimaasai na Gikuyu, pamoja na Kiswahili, kwa ajili ya kubadilishana asali na kuishi na jirani. Kama ingekuwa kweli kwamba lugha nyingi pekee hunufaisha, Waogiek wangekuwa miongoni mwa watu waliofaidika zaidi katika Bonde la Ufa. Badala yake walilazimika kupeleka dai la ardhi yao katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyowapa haki mwaka 2017 na kuagiza fidia mwaka 2022. Wakati huohuo lugha yao imeendelea kumezwa na lugha kubwa zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alishikilia kwamba kuongeza lugha nyingine juu ya lugha ya mama ni kupata nguvu, bali kuzijua zote na kuikosa ya mama ni utumwa. Kwa Waogiek kauli hiyo inahitaji nyongeza: jirani naye anapaswa kujifunza.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamefuatilia historia ya Kiswahili katika Bonde la Ufa la kati kwa kupitia maneno yake. Katika misafara, mgeni alijifunza lugha ya mwenye nchi kwa sababu alihitaji ruhusa yake. Katika mashamba, mlowezi alijifunza kiasi cha kuamuru na lugha yake ikaganda, huku skwota akijifunza kiasi cha kuipa historia jina. Njoro ilimlea mtoto aliyejifunza kwa kusikiliza, kisha ikamrudisha katika cheo cha bibi wa nyumba. Shule na vitabu vilipanua uwanja, na siasa ya chuki ikaonyesha kwamba uwanja huo unaweza kutumiwa kwa ubaya.

Kwa mwalimu wa lugha ya pili, mtaala unaomfundisha mwanafunzi kusema bila kumfundisha kujibiwa unarithi Kisetla hata kama sarufi yake ni sanifu. Kwa mhakiki, maneno ya kawaida ya mashamba na mitaa ni sehemu ya fasihi ya eneo hili, nayo yanastahili usomaji wa makini sawa na riwaya. Mji wa Nakuru ulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na wakazi wake wa lugha nyingi wanaendelea kukisema Kiswahili sokoni na vituoni. Wengi wao hawajui hata salamu katika lugha ya jirani wa ukuta mmoja.

Wanasarufi wa Kiswahili wameliita lile sharti la kiima, kivumishi na kitenzi kufuatana kwa jina la upatanisho. Mlowezi aliliacha kwa kuwa hakuona haja nalo. Historia iliyosimuliwa hapa inaonyesha kwamba haja ilikuwapo, na kwamba ilivuka mipaka ya sarufi.